Mguu unaowaka moto: mwongozo wa dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu kwa mgonjwa wa saratani

Mama alikuwa amelala kwa ubavu, mguu wa kushoto umetolewa nje ya shuka. Binti yake alikuwa ameweka stuli kando ya kitanda na kutandika khanga juu yake kama kibanda, ili kisiwepo kitu cha kuugusa unyayo. Nilimwamkia. "Marahaba mwanangu," akaitikia, na kabla sijauliza chochote akaongeza, "Ila usikae upande huo."

Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi na alishamaliza mionzi. Nyumbani alikuwa anatumia diklofenaki na tramadoli. "Kiunoni zinatuliza," alisema, "lakini huku mguuni hazifiki. Huku si maumivu, ni moto. Kama nimemwagiwa uji."

Nimefanya kazi ya uuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kwa miaka kadhaa, na sentensi kama hiyo huniambia zaidi ya kipimo chochote. Mama huyu alikuwa na maumivu ya mishipa ya fahamu. Uvimbe ulikuwa unakandamiza mafundo ya mishipa yanayoshuka kutoka kiunoni kwenda mguuni, na mshipa uliojeruhiwa hupiga kelele hata pasipokuwa na jeraha lolote mahali panapouma. Ndiyo maana dawa za kawaida hazikumfikia.

Mwongozo huu ni kwa wanaouguza nyumbani, na kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya. Dozi nilizoandika ni zile ambazo waandikaji wa dawa huanzia kwa mtu mzima. Ukiwa ndugu wa mgonjwa zitumie kuelewa cheti chako na kuuliza maswali, usizibadilishe mwenyewe. Majina ya dawa nimeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye boksi tahajia itatofautiana kidogo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mishipa ya fahamu

Usimuulize "unaumwa wapi" peke yake. Muulize maumivu yanafananaje, kisha nyamaza. Atakayesema kuwaka moto, pilipili, shoti ya umeme, vichomi vinavyopita ghafla, sisimizi wanaotembea, au "mguu umekufa ganzi lakini unauma", anazungumzia mishipa ya fahamu. Maumivu ya mfupa na ya nyama watu huyaeleza kwa maneno mengine: yanauma ndani, yanabana, yanapwita, yanazidi akijigeuza.

Kisha gusa. Chukua kipande cha pamba na kijiti cha meno. Pitisha pamba taratibu kwenye mguu usiouma kwanza, halafu kwenye ule unaouma, macho yake yakiwa yamefumba. Fanya vivyo hivyo kwa ncha ya kijiti bila kuchoma. Pamba ikimuuma, au kijiti asikisikie kabisa, umepata jibu. Yule mama alipopitishiwa pamba kwenye unyayo alishika mkono wangu.

Fikiria pia chanzo. Mgonjwa wa saratani ya titi anaweza kuungua kwapani na ndani ya mkono tangu alipofanyiwa upasuaji. Dawa za kemotherapi kama paklitakseli, sisplatini, oksaliplatini na vinkristini huleta ganzi na kuungua kwenye vidole vya miguu na mikono, kama mtu aliyevaa soksi na glavu. Huyo daktari wake wa saratani lazima aambiwe, kwa sababu huenda dozi ikapunguzwa au dawa ikabadilishwa. Mkanda wa jeshi huacha maumivu yanayodumu miezi. Na mgonjwa anayetumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu anaweza kupata ganzi kwa kukosa vitamini B6. Huyo piridoksini, yaani hiyo B6, itamsaidia. Wengine wengi hununuliwa vidonge na sindano za vitamini B kwa pesa nyingi, na mshipa uliokandamizwa na uvimbe haupati nafuu yoyote kutoka humo. Pesa hiyo ingenunua dawa niliyoieleza kwenye hatua ya 4.

Jambo moja halisubiri. Maumivu ya mgongo yaliyokuja na miguu kulegea, ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, au mkojo kugoma kutoka, ni dalili za uti wa mgongo kukandamizwa. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Deksamethasoni (nimeieleza kwenye hatua ya 6), kwa kawaida miligramu 16 kwa siku, huanzishwa mara moja huku mionzi ikitafutwa, na kwa Tanzania hiyo ni safari ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza, au kwingine penye mashine. Mtu aliyefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyefika miguu imeshapooza, mara nyingi hairudi.

Hatua ya 2: Kabla ya kidonge cha kwanza

Angalia figo. Hili nalisisitiza kwa sababu saratani ya shingo ya kizazi, iliyo nyingi sana katika kliniki zetu, hupenda kuziba mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mgonjwa anaonekana mchovu tu, anatapika kidogo, miguu inajaa, kumbe figo zimeshachoka. Pima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kama maabara ipo. Kama haipo, uliza anakojoa mara ngapi na kiasi gani. Morfini na gabapentini, dawa utakazozikuta kwenye hatua ya 3 na ya 5, hutolewa mwilini kwa njia ya figo, na zikikosa njia hujilundika. Diklofenaki ndiyo mbaya zaidi, maana inaziumiza figo zilizobaki. Kreatinini ya yule mama ilikuwa juu, na diklofenaki ilisimamishwa siku hiyo.

Uliza habari za moyo, presha ya macho, tezi dume, kifafa na kuanguka anaposimama. Halafu omba uwekewe mbele yako dawa zote, pamoja na za mfuko wa nailoni chini ya mto. Hapo ndipo hujitokeza diazepamu aliyonunuliwa dukani "ili alale", dawa ya sonona, ARV ambazo hakuna aliyezitaja mbele ya wifi, na chupa ya miti shamba. Usimkaripie mtu. Ukikaripia, safari ijayo hutaonyeshwa.

Mpe kipimo cha mkono: ngumi maana yake hana maumivu, vidole vitano maana yake ndiyo makali kuliko yote aliyowahi kuyajua. Andika namba hiyo leo. Yule mama aliinua vitano.

Hatua ya 3: Morfini ya maji

Wapo wanaoamini kwamba morfini haifanyi kazi kwenye mishipa ya fahamu. Inafanya, ila mara nyingi peke yake haitoshi. Isitoshe, wagonjwa wengi wa saratani wana maumivu mchanganyiko, ya uvimbe na ya mshipa kwa pamoja, na dawa za mishipa huchukua siku kadhaa kabla hazijashika. Katika siku hizo mtu hawezi kuachwa akiungua.

Kwa kawaida huanza na miligramu 5 kila baada ya saa 4. Kwa mzee au aliyedhoofu, miligramu 2.5. Kwa saa zetu hiyo ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Dozi ya saa 4 usiku mara nyingi huandikwa mara mbili ya kawaida, ili asiamshwe saa 8 usiku. Mwenye figo dhaifu hupewa kiasi kidogo na kwa nafasi ndefu zaidi, na asirundikiwe dozi ya usiku. Mama yetu alianza na miligramu 2.5 kila baada ya saa 6, na tramadoli ikaachwa.

Soma chupa kila unapopewa mpya. Iliyoandikwa miligramu 5 kwa mililita 5 maana yake mililita moja ni miligramu moja. Lakini zipo zilizotengenezwa kali mara kumi ya hiyo, na rangi isikudanganye. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Maumivu yakimzidi kabla ya saa yake, hupewa dozi ya ziada kama ilivyoandikwa kwenye cheti chake, na dozi ya kawaida inakuja kwa saa yake bila kurukwa. Kila ya ziada iandikwe. Zikifika tatu au zaidi kwa siku, muuguzi apigiwe simu. Huenda dozi yenyewe ni ndogo.

Pamoja na morfini iandikwe dawa ya kusaidia choo kitoke tangu siku ya kwanza, kwa mfano bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku. Nasema siku ya kwanza, kwa sababu choo kikishakauka siku 6 mgonjwa ataikataa morfini na hatakuwa amekosea. Kichefuchefu hupungua ndani ya siku chache. Metoklopramidi miligramu 10 husaidia.

Ndugu watauliza kama atakuwa teja. Jibu fupi ni hapana: anayekunywa morfini kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo na kwa saa, hatafuti kulewa. Na haileti kifo mapema. Uganda imekuwa ikitoa morfini ya maji majumbani tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 sheria ya huko inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hofu ya kweli iwe hii: mgonjwa asiyeamshika, anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika, asipewe dozi inayofuata, na msaada uitwe hapohapo. Mwenye figo dhaifu akianza kurukaruka misuli na kuona vitu visivyokuwepo, morfini imejilundika. Dozi ipunguzwe au nafasi irefushwe.

Hatua ya 4: Amitriptilini, na ile siku ya tatu

Hii ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na hospitali nyingi za wilaya zinayo. Ilitengenezwa kwa ajili ya sonona, lakini kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu.

Kidonge kinachopatikana zaidi ni cha miligramu 25. Kigawanywe katikati: nusu, yaani miligramu 12.5, mara moja kwa siku, jioni. Mimi husema saa 2 usiku badala ya wakati wa kupanda kitandani, ili usingizi wake uishe kabla ya asubuhi. Baada ya siku 3 hadi 7, akiwa anaivumilia, huongezwa kuwa kidonge kizima. Kisha kila wiki huweza kuongezwa hadi miligramu 50, na wachache hufika 75. Mzee apandishwe polepole zaidi.

Usingizi mzuri huja usiku wa kwanza. Nafuu ya moto huja baada ya wiki moja hadi mbili za dozi inayotosha. Katikati ya hayo ndipo matibabu mengi hufia. Mdomo unakauka, asubuhi ana mang'amung'amu, moto uko palepale, na kuna ndugu aliyesoma karatasi ya ndani ya boksi akakuta neno sonona. Siku ya sita nilipiga hodi kwa yule mama nikakuta vidonge havijaguswa tangu siku ya tatu. Binti hakuficha. "Dada, nilisoma nikaona ni dawa za wagonjwa wa akili. Na mama alikuwa analala mpaka saa 3. Nikasema wanamlewesha."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemweleza mgonjwa akiwa na vidole vitano vya maumivu, na binti anayetoa dawa alikuwa jikoni. Tangu hapo simwachii mtu amitriptilini mpaka aliyeshika funguo za kabati la dawa anieleze yeye, kwa maneno yake, mambo matatu: kwamba dawa hii ni ya mishipa ya fahamu, kwamba itamchosha kwa siku chache, na kwamba haihukumiwi kabla ya wiki mbili. Tulianza upya, nusu kidonge, na tukaisogeza nyuma hadi saa 1 usiku.

Isitolewe kwa aliyepata shambulio la moyo karibuni au mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mwenye presha ya macho au tezi dume iliyovimba anaweza kuzidiwa, mkojo ukafunga kabisa. Ikichanganywa na tramadoli huongeza hatari ya degedege na ya kutetemeka kwa homa na kuchanganyikiwa, kwa hiyo mwandikaji achague moja. Choo hukauka zaidi, maana morfini nayo ipo. Na kila asubuhi akae ukingoni mwa kitanda kwanza, miguu chini, ahesabu hadi ishirini kabla ya kusimama. Nyonga iliyovunjika kwa kuanguka itampa maumivu mengine ambayo hakuyahitaji.

Hatua ya 5: Gabapentini, pregabalini na duloksetini

Amitriptilini ikikataliwa na mwili, au imepewa muda wake na moto haujashuka, gabapentini huingia. Kwa mtu mwenye nguvu na figo nzima huanza na miligramu 300 usiku, siku ya pili mara 2, siku ya tatu mara 3, kisha huongezwa kila baada ya siku chache kulingana na nafuu. Kiwango cha juu ni miligramu 3,600 kwa siku, ila wagonjwa wangu wengi hupata nafuu au kushindwa kuivumilia mapema kabla ya hapo. Mzee na aliyedhoofu huanza na miligramu 100 usiku. Mwenye figo zilizochoka sana, miligramu 100 hadi 300 kwa siku nzima huenda zikatosha.

Usimpe kwa wakati mmoja na dawa ya kiungulia yenye aluminiamu au magnesiamu. Ziachane saa 2. Usiisimamishe ghafla, hata pesa ikiisha. Pesa ikikaribia kuisha piga simu mapema, ipunguzwe taratibu kwa wiki moja au zaidi. Na ikumbuke ile diazepamu chini ya mto: gabapentini, morfini na diazepamu kwa pamoja zinaweza kuzima pumzi.

Pregabalini ni ndugu yake. Huanza na miligramu 25 hadi 75 mara 2 kwa siku, huvimbisha miguu zaidi, nayo pia inategemea figo. Hakuna sababu ya kumpa mtu zote mbili.

Duloksetini naitaja kwa ajili ya walioungua vidole baada ya kemotherapi, maana kwao ndiyo yenye ushahidi wa kueleweka: miligramu 30 kwa siku kwa wiki moja, kisha 60. Haimfai mwenye figo au ini lililochoka sana, haichanganywi na tramadoli, na anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, amuulize daktari wake kwanza, kwa sababu inaweza kuipunguza nguvu.

Hatua ya 6: Deksamethasoni kwa mshipa uliobanwa

Uvimbe unapoubana mshipa, sehemu ya kinachobana ni maji yaliyojaa kuuzunguka. Deksamethasoni huyapunguza haraka, siku 1 hadi 3, ndiyo maana mimi huipenda kwa mgonjwa aliyezidiwa wakati amitriptilini bado inajikusanya. Miligramu 8 asubuhi ni mwanzo wa kawaida. Ukipewa vidonge vya miligramu 0.5 usishtuke kuhesabu 16. Apewe baada ya kula, kabla ya saa 6 mchana, la sivyo atakesha.

Iwe na tarehe ya kuangaliwa upya. Siku 5 hadi 7 zikipita bila nafuu, iachwe. Ikisaidia, ishushwe hadi dozi ndogo inayotosha. Isiende pamoja na diklofenaki, maana tumbo linaweza kutoboka, na omeprazoli ya kulinda tumbo iwepo. Pima sukari, na angalia mdomoni kila siku: utando mweupe ni fangasi, unatibika. Aliyeitumia wiki kadhaa asiiache kwa siku moja.

Hatua ya 7: Karbamazepini, kwa uangalifu

Bado huandikwa sana kwa vichomi vya shoti ya umeme, miligramu 100 mara 2 kwa siku kwa kuanzia. Mimi huiweka mwisho. Hushusha chembe za damu ambazo kemotherapi imeshazishusha, na hupunguza nguvu ya dolutegraviri, dawa ambayo wagonjwa wengi wenye VVU wanaitumia. Wakilazimika kutumia zote, dozi ya dolutegraviri hubadilishwa. Vipele vikitokea, hasa na vidonda mdomoni au machoni, isimamishwe na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo.

Ketamini na methadoni zipo kwa walioshindikana, ila hizo ni za wodini au za mtaalamu mwenye uzoefu nazo.

Daftari

Nunua daftari la shule. Kila siku mstari mmoja: vidole asubuhi, vidole usiku, amelala saa ngapi, dozi za ziada, choo. Badilisha dawa moja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ipi imesaidia na ipi imemchanganya. Usisubiri ngumi pia. Kutoka vidole vitano hadi viwili ni mafanikio makubwa kwa mishipa ya fahamu, na swali zuri kuliko namba ni analoweza kufanya leo ambalo wiki iliyopita hakuweza.

Kwenye daftari la yule mama, wiki ya tatu, kuna mstari ulioandikwa na binti: "Vidole 2. Choo ndiyo. Amejifunika khanga miguuni." Ganzi ilibaki, na unyayo haukurudi kama ulivyokuwa. Ile stuli ilirudishwa jikoni.

Akishindwa kumeza

Siku hiyo huja, na ni vizuri iwe imepangwa. Kapsuli ya gabapentini inaweza kufunguliwa na unga wake kukorogwa kwenye uji au juisi maadamu bado anameza vitu laini. Pregabalini vivyo hivyo. Morfini ya maji kwa kiasi kidogo inaweza kudondoshwa ndani ya shavu, au muuguzi akaichoma chini ya ngozi kwa dozi iliyopunguzwa, kwa kuwa ya sindano ina nguvu zaidi ya ya kunywa. Deksamethasoni pia huchomwa chini ya ngozi. Amitriptilini haina njia nyingine ya kutegemewa nyumbani, na katika siku za mwisho mara nyingi huachwa. Usilazimishe kidonge kwenye koo lisilomeza.

Akifariki, morfini iliyobaki isimwagwe chooni wala isigawiwe jirani mwenye mgongo. Irudishwe ilikotoka, pamoja na chupa, na muuguzi asaini kiasi alichokipokea.